Maji ya Moto Katika Mvinyo wa Mkwe

Aliyetia maji ya moto katika mvinyo mwekundu wa mkwe wangu ni dada yangu mkubwa. Naliweka wazi jambo hili mwanzoni kwa sababu limekwisha kupotoshwa, na mimi niliyetunza majalada ya serikali hadi siku ya kustaafu siwezi kunyamazia kumbukumbu inayopindwa.

Mkwe wangu, baba wa mke wa mwanangu, analima zabibu Dodoma. Alipotuarifu kwamba angekuja Sumbawanga kwa mara ya kwanza, alisema kwenye simu kuwa angeleta chupa mbili za mvinyo mzito, kisha akaongeza: "Ila huu unataka nyama, mkwe. Ninyi wa huko si samaki wa ziwani tu?"

Tangu saa ile heshima ya meza yetu ilikuwa mashakani, nami niliazimia kuitetea. Niliagiza kutoka kijiji cha Msanzi nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi. Maharage na ulezi vilitoka shambani kwetu. Nikaandika utaratibu wa chakula na kuubandika ukutani jikoni: kwanza migebuka ya Ziwa Tanganyika, kwa kuwa hatuwaonei haya samaki wetu, kisha nyama. Chupa ya kwanza niliifungua mapema ipate hewa, kama mwenyewe alivyoelekeza.

Mkwe alifika mchana wa Julai, na upepo wa Ufipa ulitulazimisha kuvaa makoti ndani ya nyumba. Dada aliigusa chupa, akaikuta baridi kama jiwe la mtoni. Kwetu pombe ya ulezi humiminiwa maji ya moto ndipo inyonywe kwa mrija. Kumpa mkwe kinywaji cha baridi ni kama kumwonyesha mlango. Akaimimina chupa yote chunguni, akaongeza maji yaliyochemka, akachomeka mirija, akaonja yeye kwanza kama impasavyo mwenyeji, akamwekea mgeni mbele.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimempokea mkwe. Ulitaka aondoke na kikohozi?"

"Maelekezo yapo ukutani!"

"Ukuta haujawahi kupokea mgeni."

Mkwe alikitazama chungu. Akainama, akavuta. Akavuta tena, macho ameyafumba.

"Dada, shikamoo kwa mara ya pili," akasema.

"Marahaba. Vuta, baba, kabla hakijapoa."

Chupa ya pili niliilinda mwenyewe. Mvinyo ule ulikuwa mwekundu wa kuelekea weusi, wenye harufu ya zambarau zilizoiva juani, na ukakasi uliokamata ulimi kama ndizi mbichi. Pamoja na migebuka ulileta ladha ya kijiko chenye kutu. Nakiri hilo, kwa kuwa ukweli hauna upande. Mkwe alinitazama, akatabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda.

Kisha ikaja nyama, iliyoungwa kwa karanga, na ugali wa ulezi unaofuka mvuke. Nikatafuna, nikanywa. Ule ukakasi ukaachia. Mafuta ya nyama yaliulainisha mvinyo, na moshi ukatoa ndani yake utamu ambao sikuusikia hapo kwanza. Nilimtazama mkwe: alikuwa ameacha kutabasamu. Alikata tonge la tatu, akalegeza mkanda.

"Niliyosema kwenye simu nayafuta," akasema.

"Yafute kwa sauti, jikoni nako wasikie!" dada akamtania.

"Nayafuta!"

Tulicheka hadi mke wangu akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Sikumbuki mlo mwingine ulionifurahisha kiasi kile katika nyumba hii.

Sasa nimearifiwa na mke wa mwanangu kwamba huko Dodoma baba yake hukusanya majirani, huwapa mvinyo wa maji ya moto kwa mirija pamoja na nyama kavu, na kuwaambia kuwa ni ugunduzi wake mwenyewe.

Kwa hiyo namtaka mkwe wangu atoe maelezo kwa maandishi: maji yale aliyachemsha nani, chungu kilikuwa cha nani, na kwa nini dada yangu hatajwi. Maelezo hayo ayasome mbele ya majirani walewale. Nakala iletwe Sumbawanga, ibandikwe ukutani jikoni, mahali palipokuwa na utaratibu wangu.