Barua ya Onyo ya Mama Stensili

Watu wengi wakipewa barua ya onyo kazini huikunja mara nne na kuificha mahali ambapo hata wao wenyewe hawataiona tena. Mama Stensili, yake ameitia fremu. Imetundikwa sebuleni kwake, kati ya picha ya harusi na kalenda, na mgeni akiuliza, mumewe seremala, aliyeichonga fremu hiyo kwa mkono wake, hudakia kabla mke hajafungua mdomo: "Hiyo ndiyo shahada yake ya kwanza." Mgeni hucheka kwa adabu, akidhani anataniwa. Hataniwi sana.

Jina la Stensili alipewa na wanafunzi wa sheria, miaka ya themanini ilipokuwa inaanza. Alikuwa mpiga chapa pekee wa kitivo chao, katika chumba cha mwisho wa korido chenye dirisha moja, taipureta moja nzito, na mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, iliyonuka wino kutwa kucha. Vitabu vilikuwa adimu siku hizo. Kitabu cha ripoti za kesi kilikuwa kimoja tu maktaba nzima, na wanafunzi walikuwa karibu sitini. Kwa hiyo mhadhiri alikuwa akikiazima kwa mchana mmoja, anamletea Mama Stensili, naye anaipiga kesi yote kwenye stensili, zile karatasi za nta ambazo herufi za taipureta huzitoboa. Kisha anaivalisha mashine stensili moja moja na kuzungusha mpini hadi kila mwanafunzi apate nakala yake. Hao mawakili wenye vitambi unaowaona leo, nusu yao walilelewa na mkono wake wa kulia.

Hakuna aliyewahi kumwuliza kama anasoma anachokipiga. Alikuwa anasoma. Alikuwa ameiacha shule kidato cha pili, baba yake alipougua, na njaa ya kusoma haikumwisha. Kwa miaka kumi na mmoja alipiga hukumu za mirathi, za mikataba, za mipaka ya mashamba, na jioni akifika nyumbani alimsimulia seremala kila kesi, huku mume akipiga randa na kuuliza, "Sasa huyo jamaa alishinda?" Alizijua kesi kama watu wanavyozijua habari za majirani. Lakini kwenye daftari la ajira aliandikwa kibarua, miaka yote hiyo kumi na mmoja. Barua ya kumthibitisha kazini ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kuandaliwa, iko mezani kwa mkuu wa kitivo ikisubiri saini. Alijua kwa sababu aliipiga mwenyewe.

Sasa, kila fundi ana mtindo wake. Wa Mama Stensili ulikuwa huu: namba za kurasa hakuzipiga kwa mashine. Aliziandika mwishoni kabisa, kwa kalamu ya chuma, stensili zote zikiwa zimeshakamilika. Stensili zilikuwa zikichanika ovyo, na kupiga ukurasa upya ni kazi. Kuziandika namba mwishoni kulimwepusha na usumbufu. Mtindo mzuri. Ulimfaa miaka kumi na mmoja, na siku moja ukamponza.

Ilikuwa kesi ya cherehani. Fundi nguo alihifadhi cherehani yake katika ghala la mwenye nyumba, bati likavuja, cherehani ikaoza kwa kutu. Mlangoni palikuwa na tangazo kwamba mali inawekwa kwa hasara ya mwenye mali. Majaji watatu walisikiliza rufaa. Wawili walisema fundi alipwe, kwa sababu mwenye nyumba alijua bati linavuja akanyamaza. Wa tatu alikataa: tangazo ni tangazo, fundi ale hasara yake. Wawili kwa mmoja, fundi akashinda. Stensili kumi na tatu.

Ya saba ilichanika alipokuwa anazipanga ili aziandike namba. Akaitia kwenye droo ya chini airudie. Papo hapo akaitwa kupiga kumbukumbu za kikao, zikamchukua saa mbili, na aliporudi kitabu kilikuwa kinadaiwa maktaba. Ya saba ikamtoka akilini. Akakusanya stensili zilizokuwa mezani, akaziandika namba, moja hadi kumi na mbili, zikafuatana vizuri bila pengo, akadurufu. Nakala ya kwanza akampelekea mhadhiri, kama ilivyokuwa kawaida, ili aipitie na kutia saini chini ya neno "Imesomwa". Mhadhiri huyo wanafunzi walimwita Bwana Rejea, maana kila ulipomwuliza swali alikujibu, "Rejea kesi." Alitia saini akiwa amesimama mlangoni, anaongea na mtu mwingine.

Na ukurasa wa saba ndio uliobeba kila kitu. Ndipo jaji wa kwanza alipotoa uamuzi wake, ndipo wa pili alipomwunga mkono kwa mistari miwili, ndipo wa tatu alipoanza kwa kusema anasikitika hakubaliani na wenzake. Ukiutoa, ukurasa wa sita jaji bado anapimapima, na unaofuata jaji anamkatalia fundi waziwazi. Unasoma kama mtu mmoja anayezunguka kisha anafika. Majaji wana tabia hiyo hata kurasa zikiwa kamili, kwa hiyo hakuna mwanafunzi aliyeshtuka.

Miezi mitano baadaye, mitihani ikiwa imeshasahihishwa, Bwana Rejea aliingia chumba cha chapa uso umemkunjamana, akaweka karatasi mezani. "Hii ni siri," alisema. "Ya bodi ya mitihani, Alhamisi. Nakala tano."

Mama Stensili akaanza kupiga. Barua ilisema kwamba katika swali la nne, lililokuwa la lazima, wanafunzi hamsini na saba wa mwaka wa pili wametoa jibu moja lenye kosa moja, kwamba fundi cherehani alishindwa. Mmoja tu alipatia, na huyo ndiye aliyekuwa mgonjwa siku ya kugawa nakala akaenda kusoma maktaba. Ni dhahiri, barua iliendelea, kwamba waliandaa jibu pamoja na kuingia nalo. Inapendekezwa wote warudishwe nyumbani mwaka mmoja.

Akaacha kupiga. Alishindwa? Mbona fundi alishinda? Yeye mwenyewe alimsimulia seremala, na seremala akasema safi sana.

Akafungua droo ya chini, mahali alipotupia stensili zilizoharibika. Ilikuwepo, imechanika kona, kavu. Akaiinua dirishani, maana stensili husomwa kwa kuiangazia, na mwanga ukapita kwenye herufi: "Nasikitika kwamba sikubaliani na ndugu zangu wawili." Akakaa chini. Akamaliza nakala tano, kwa sababu kazi ni kazi, akazipeleka. Kisha akaichukua stensili, akaikunja ndani ya gazeti, akaenda nayo nyumbani.

Seremala alisikiliza mpaka mwisho bila kuuliza nani alishinda.

"Mtu mwingine anaijua hiyo karatasi?" aliuliza.

"Hakuna."

"Ukiichoma?"

"Ninathibitishwa kazi. Na watoto wa watu hamsini na saba wanarudi kwao na jina la wizi wa mitihani."

"Na ukiipeleka?"

"Wananifukuza. Kibarua hafukuzwi kwa kesi, mume wangu. Anaambiwa tu kesho usije."

Seremala alipuliza vumbi la mbao kwenye benchi yake. "Mimi nina swali moja tu. Wakikufukuza, barua ya kukufukuza ataipiga nani?"

Mama Stensili alicheka bila kutaka, akalia kidogo, akaenda kupika. Wote wawili walikuwa wameshajua atafanya nini.

Alhamisi asubuhi alibisha mlango wa bodi. Mkuu wa kitivo, mama mmoja aliyekuwa hakimu kabla ya kuwa mwalimu, hakupenda kukatizwa na hakulificha hilo.

"Tuna kikao, dada."

"Najua, Mama. Kosa mnalolijadili ni langu."

Akaeleza. Maneno yalitoka yamepangika. Akaenda dirishani, akaishika stensili juu kwa mikono miwili, na mkuu wa kitivo akainuka, akavaa miwani, akausoma ukurasa wa saba kwa sauti mbele ya wote. Mjumbe mmoja akauliza, umejuaje kuwa huu ndio ukurasa uliokosekana? Mama Stensili akajibu kwamba bila huo jaji wa tatu anageuka kuwa wa kwanza, na kwamba mwenye nyumba hakushindwa kwa sababu ya bati, alishindwa kwa kunyamaza. Tangazo haliwezi kumkinga mtu anayeficha anachokijua. Alilisema hilo akiwa ameinua mikono, karatasi ya siri yake mwenyewe inapepea mbele ya dirisha, na ndipo aliposikia alichokisema.

Bwana Rejea alikuwa amefungua faili. Nakala ya kesi ilikuwa humo, na chini yake saini yake, imetambaa vizuri. Angeweza kulifunga faili. Alisimama.

"Nilisaini sijasoma," alisema. "Nimewatuhumu watoto wa watu kwa kosa nililolipitisha mimi. Kama kuna barua ya onyo, ziwe mbili."

Wanafunzi walirudia swali la nne peke yake, saa moja, wakiwa na ukurasa wa saba mkononi. Habari za kikao zilivuja, kama zinavyovuja daima, na kesho yake Mama Stensili alikuta mlangoni kwake hamsini na saba wamejipanga. Waliingia mmoja mmoja, kila mmoja akazungusha mpini wa mashine mara chache, mpaka kazi ya siku ile ikaisha kabla ya saa nne.

Ukimwuliza leo anamshukuru nani, pale ofisi ya msaada wa sheria anapowaandikia wapangaji malalamiko yao, atakuhesabia. Anamshukuru seremala kwa swali lake. Anamshukuru Bwana Rejea, aliyesimama wakati kukaa kulikuwa rahisi, na ambaye toka siku hiyo alisoma kila ukurasa mpaka akawa kero. Wa mwisho ni mkuu wa kitivo, na huyo humgusa moyo.

Jumatatu baada ya kikao kile, mkuu wa kitivo aliingia chumba cha chapa, akavuta kiti, akakohoa. Seremala alikuwa ameona mbali: hakukuwa na mpiga chapa mwingine.

"Andika," alisema mkuu. "Barua ya onyo. Anayeandikiwa ni wewe."

"Nakala ngapi, Mama?"

"Tatu. Aya ya kwanza: unaonywa kwa uzembe wa kudurufu hukumu bila ukurasa wa saba. Kuanzia leo namba zitapigwa kwanza, si mwisho."

Taipureta ikalia.

"Aya ya pili: kuthibitishwa kwako kazini kutasubiri miezi sita."

Kusubiri si kufukuzwa. Alishusha pumzi, akapiga.

"Aya ya tatu: kwa kuwa umeonyesha mbele ya bodi kwamba unazisoma hukumu hizi kuliko baadhi ya wanaolipwa kuzifundisha, unaagizwa kuhudhuria kozi ya cheti cha sheria, saa za kazi, kuanzia muhula ujao. Agizo hili halina rufaa."

Mashine ikanyamaza.

"Mbona umesimama? Hujasikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi piga."

Alipiga. Herufi alikuwa haoni vizuri, lakini vidole vilikuwa vinajua njia. Akaichomoa karatasi, akatenganisha kaboni, akamkabidhi mkuu kwa mikono miwili. Mkuu wa kitivo alitoa kalamu, akaifungua, kisha akaiweka chini. Akavaa miwani. Akaisoma barua yote, mstari kwa mstari, kuanzia tarehe, midomo inacheza, na alipofika mwisho akarudia aya ya tatu. Ndipo akatia saini.