Fundi Asiyetazamwa Usoni

Mama alikuwa na nyumba yenye kuta tatu na nusu. Nusu iliyobaki iliondoka na masika, tukaziba kwa turubai na kuegemeza magogo ya mkorosho kwa nje, na kila mbuzi alipokuja kujikuna kwenye magogo yale, sisi tuliokuwa ndani tulisema bismillahi. Majirani zetu wa Naipingo walikuwa wakisema nyumba ile haiwezi kuiona mvua nyingine. Mimi nilichoogopa ni kwamba itaiona, na mama akiwa amelala ndani.

Kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, nakaa Nachingwea mjini ninakouza vitumbua, na mdomo wangu hauna breki, kazi ya kutafuta fundi niliachiwa mimi. Nikajiwekea utaratibu. Fundi simuulizi kitu, maana fundi ukimuuliza, hata choo alichojenga ni ikulu. Naenda kwenye nyumba aliyoijenga, namtafuta mwanamke anayeifagia, namuuliza maji yanaingilia wapi. Mwenye nyumba atakudanganya, mwenye ufagio hana sababu.

Wa kwanza nilimfuata Ruangwa. Alikuwa na simu pana kama sinia, imejaa picha za nyumba. Nyumba nzuri, sikatai. Ya tatu ilikuwa na theluji uani. Nikamuuliza hiyo ipo kijiji gani, akanijibu bila aibu kwamba ni ya mteja wake wa zamani. Nikamwambia amfikishie salamu na avae sweta, nikapanda bodaboda nikaenda zangu.

Wa pili alikuwa wa Nandagala, na huyo alikuwa fundi kweli. Wanawake wawili wenye fagio zao walimsifu. Lakini walinionyesha pia misingi aliyoianza kwa watu wengine akaiacha, mmoja umeota mchicha mpaka mwenyewe anachuma mboga. Fundi huyo kila kitu kwake ni kesho, inshallah, na mvua haina kesho. Nilirudi nyumbani nimechoka na hasira zimenijaa mpaka hapa.

Ndipo mjomba akaitisha kikao. Kwetu mjomba akishasema, wengine mnabaki na kazi ya kuitikia. Akasema ananishangaa ninavyozunguka wilaya mbili kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe, na huku fundi tunaye: mume wa mdogo wangu, kijana wa Mkotokuyana. Zamani mwanamume alikuja kwanza kulima na kujenga ukweni ndipo aitwe mkwe, huyu amepewa mke hata jembe hajashika. Basi ajenge. Nikasema sijawahi kuuona ukuta wake hata mmoja. Mjomba akaniambia nyumba njema si mlango. Nikataka kumjibu kwamba hiyo ambayo naitaka ina mlango pia, lakini mama alinikata jicho.

Sote tuliokuwa pale, na akili zetu timamu, tukasahau jambo moja. Kwetu mama na mkwewe wanaheshimiana kwa kukimbiana. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani ila kwa kupitia mtu. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Sasa wewe mpe mtu huyo kazi ya kumjengea mama nyumba, halafu mwambie mama asimamie.

Kazi ikaanza, na mama akawa mkimbizi kwenye kiwanja chake. Fundi akifika asubuhi, mama anajifunika kanga na kwenda kujibanza nyuma ya jiko la makuti, anachungulia kwenye upenyo. Mwenye nyumba anachungulia nyumba yake kama mwizi! Nilipokuja kuwatembelea nilimkuta hapo, jicho limeganda kwenye ukuta wa upande wa barabara.

Akaniambia ukuta ule umelala upande. Nikatazama, nikaona matofali ya kuchoma, udongo, na shemeji yangu anapiga mluzi. Timazi, ile kamba yenye chuma ya kupimia ukuta, ilikuwa imening'inia kwenye mti pamoja na shati lake. Nikataka kwenda kumpa vidonge vyake. Mama akanishika mkono. Ukweni hapagombwi, akasema, na ujumbe ameshautuma kwa mkewe, tena si mara moja.

Ujumbe ulitumwa kweli. Ila mdogo wangu anampenda mumewe, na maneno ya mama yalipopita mdomoni mwake yalitiwa sukari. Mama akisema ukuta umelala, kule inafika kwamba mama anashukuru sana, na anaulizia kama ukuta haujambo. Shemeji naye anarudisha kwamba haujambo, alhamdulillahi. Haya niliyajua baadaye. Siku ile niliondoka nikidhani wamesikilizana.

Niliporudi tena ukuta ulikuwa umefika usawa wa madirisha na umezidi kuinama. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na shemeji alikuwa anaharakisha, mdogo wangu akimkandia udongo pembeni. Alichutama chini yake kabisa, anapasua tofali, mgongo ameupa ukuta. Nilikuwa nimesimama na mama nyuma ya jiko.

Kisha hakuwa tena pembeni yangu. Kanga ya kichwani ilibaki kwenye makuti. Mama yangu, ambaye hajawahi kumtazama mkwe wake machoni, alikuwa katikati ya uwanja, kichwa wazi, anakimbia.

"Wewe! Toka hapo! Toka!"

Sijui kama shemeji alishtushwa na hatari au na aibu ya kuitwa na mama mkwe, lakini aliruka kama panzi. Ukuta ukalala chini wote, pale pale alipokuwa amechutama, na vumbi likatufunika. Vumbi lilipotua walikuwa wamesimama wanatazamana, uso kwa uso.

"Mama, mbona hukuniambia?" shemeji akauliza.

"Nimekuambia mpaka nimechoka," mama akasema, na sote tukamgeukia mdogo wangu. "Nyumba itajengwa tena. Wewe ungekufa hapo, mwanangu ningemwambia nini? Kwamba nilikuona nikanyamaza kwa heshima?"

Mdogo wangu alilia mpaka kamasi. Nami nililia, na mimi silii ovyo.

Mjomba alikuja jioni kusema mila imevunjwa, itolewe faini ya kuku. Mama akamwambia akamtafute huyo kuku chini ya tofali. Kesho yake alivuta kigoda akakaa katikati ya kiwanja, mgongo amempa mkwewe kwa adabu, akawa anageuza shingo kila tofali linapolazwa. "Vuta kamba," anasema. Shemeji anavuta. "Hilo toa." Anatoa. Mluzi ulikwisha.

Mvua iliwahi kuliko nyumba. Ilipoanza, bati lilikuwa limefunika chumba kimoja tu, na mama alilala humo, nami nikalala naye, tukisikiliza maji kule nje yanavyomwagika. Alfajiri shemeji alikuwa ameshafika na mkewe, amelowa, amesimama nje ya mlango na macho yako chini. Mdogo wangu akafungua kinywa amuulizie, mama akamzuia.

"Hapavuji, baba," akamjibu mwenyewe. "Ingia unywe chai."

Akaingia. Yeye akanywa amegeukia ukuta, mama akanywa amegeukia mlango.