Aliyegonga Paa la Lori Njiani Kwenda Getanuwas

BASHAY, Julai 1975

Saa mbili asubuhi ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Bashay. Felician Sulle yuko chini ya lori, chali, tochi mdomoni, anapapasa bomba la breki kwa vidole.

Ng'ambo ya barabara kuna nyumba nane zisizo na milango. Wenyewe walihamia kijiji cha ujamaa mwaka jana, wakabeba milango na kuacha kuta. Felician anapotoka uvunguni anaziangalia moja moja, kama mtu anayehesabu, ndipo anapanda na kuwasha injini.

Ana miaka ishirini na sita. Leseni yake haijatimiza mwaka.

"Dereva mgeni huchukua kazi yoyote," anasema. "Mimi pia nilitaka hivyo."

Desemba iliyopita alipata nafasi mbili kwa wiki moja. Tajiri mmoja wa mjini Mbulu, mwenye malori matatu, alimwahidi shilingi mia saba kwa mwezi. Kampuni ndogo ya usafirishaji ya Hanang ilimwahidi mia nne na ishirini. Mama yake, Natalia, anayelima ngano na kufuga ng'ombe wanne, alimwambia asifikirie mara mbili. Aende Mbulu.

Tajiri huyo gazeti hili halimtaji, kwa kuwa shauri lake liko mikononi mwa polisi.

Felician alikwenda kwake, akapewa lori la kijani lililopakwa rangi upya. Nyuma ya kiti palining'inia sweta la mwanamume, limefumwa kwa mkono. Felician aliuliza ni la nani. Akajibiwa kuwa ni la dereva aliyetangulia, Qamara, aliyeacha kazi na kwenda Singida. Aliuliza pia kuhusu breki, maana kanyagio lilikuwa laini. Tajiri akasema mzigo ulitakiwa Getanuwas siku hiyohiyo, breki zingetazamwa akirudi.

Aliondoka peke yake na magunia sitini ya mahindi. Turubali alilifunga kwa mkono wake.

Alipopita Balangdalalu ilikuwa saa sita mchana. Upepo uliinua vumbi jeupe kutoka upande wa ziwa la magadi, jua likawa kama sahani ya bati. Hakukuwa na mtu wala mbwa. Kabla tu ya mteremko wa kuelekea Getanuwas, akasikia paa la kebini likigongwa mara tatu, kama wanavyogonga abiria wa nyuma wanapotaka kushuka.

"Nilisimamisha gari bila kufikiri," anasema. "Ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa na abiria."

Alipanda juu ya mzigo. Kamba zilikuwa vilevile, turubali halikulegea hata kidogo. Juu ya turubali vumbi lilikuwa limetanda bila alama ya mguu.

Aliposhuka aliona tairi la nyuma limelowa. Mafuta ya breki yalikuwa yakichuruzika mchangani. Alipoingia kebini na kukanyaga breki, kanyagio lilizama hadi chini.

Alikuwa ameshuka tena, amesimama kando ya gari, mchungaji mmoja wa makamo alipotokea vumbini na ng'ombe wake. Felician alimwamkia shikamoo. Yule mtu aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye lori. Alilizunguka, akakwaruza rangi ya kijani kwa kucha, chini yake ikatokea ya bluu.

"Gari hili nililiona mwaka juzi limelala bondeni," alisema. "Wewe ni ndugu wa yule tuliyemzika?"

Alimpeleka hadi chini ya mteremko. Palikuwa na rundo la mawe, limepangwa vizuri. Mchungaji alieleza kwamba watu wa tajiri walikuja siku ya tatu, wakalivuta gari, wakaahidi kurudi na ndugu wa marehemu. Hawakurudi.

Felician hakuliendesha tena lori lile. Alirudi Mbulu kwa miguu na kwa kudandia, siku mbili, sweta likiwa mkononi, akamtafuta mke wa Qamara.

Verdiana, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akisahihisha madaftari. Kwa miaka miwili alikuwa ameaminishwa kwamba mumewe ana mwanamke Singida. Felician alipomwonyesha sweta na kumweleza habari ya kaburi, alilishika mabegani, akaligeuza ndani nje kutafuta mshono wa kwapani.

"Hili nimelifuma mimi," alisema. Kisha akamwuliza, "Shemeji, ni mahali pazuri pale?"

Walikwenda polisi pamoja kesho yake.

Kisha Felician akaenda kwenye ile kampuni ya mia nne na ishirini. Msimamizi wa magari, Hermani Tluway, alimwuliza swali moja tu: akikuta breki zinavuja na mzigo una haraka, atafanya nini? Felician alijibu kwamba gari halitaondoka. Akaajiriwa. Tangu hapo amekataa safari mbili, na mara zote Hermani alishika spana mwenyewe.

Kuhusu kugongwa kwa paa, Hermani anadhani ni bati lililopigwa na upepo. Felician habishi. Anasema tu kwamba upepo haukukoma, lakini kugonga kulikoma aliposimama.

Madereva wapya wakimwuliza kazi ipi nzuri, huwaambia waulize kwanza aliyetangulia yuko wapi, kisha waende wakamwone.

Mwezi ujao, mavuno yakiisha, kampuni itamruhusu kulitumia lori siku moja. Atamchukua Verdiana na watoto wake wawili hadi Getanuwas, pamoja na msalaba uliochongwa na fundi wa Bashay.

"Nataka tufike mchana kweupe," anasema. "Nizime injini, washuke taratibu, wakae naye kadiri wanavyotaka. Mimi nitasubiri. Halafu nitawarudisha nyumbani."