Kipoyi ya Kwenda Mweso

Kominike, tangazo la serikali, ilikuwa na mambo matatu, na mimi njo niliisoma. Macho ya katekista wetu yalikuwa yamechoka, na mimi ni mwalimu, sauti yangu inafika ng'ambo ya bonde hata nisipotaka. Niliisoma Jumapili baada ya misa, mlangoni pa kapela, upepo ukiivuta karatasi kana kwamba nayo ilitaka kurudi ofisini.

La kwanza: watu waache kulala na mbabula, lile jiko la makaa, ndani ya nyumba, wala wasiiweke karibu na kitanda. La pili: Jumamosi kutakuwa na salongo, kila nyumba itoe mtu na jembe wakatengeneze barabara, kwa sababu mvua ilikuwa imekata njia ya kushuka Mweso. La tatu: askari wote wa zamani wafike Mweso Alhamisi, wao wenyewe, mbele ya tume iliyotoka mjini. Atakayeonekana kwa macho ataandikwa na kupewa karata ya matibabu. Asiyeonekana, jina lake litafutwa.

Papa wangu alikuwa amesimama nyuma ya watu, ameegemea fimbo yake. Goti lake la kushoto liliharibikia vitani, vita ambavyo hapendi kuvitaja, na kila masika linavimba hadi suruali inakataa kupita. Karata ile aliingojea tangu mimi sijaolewa. Tume zilishakuja mara mbili, na mara zote mbili zilikuta nyumba tupu, tumekimbia vita na magodoro kichwani. Hii ilikuwa ya tatu, na goti halikuwa na masika mengine mengi ya kungojea.

Sasa, ungefikiri mtu kama huyo atashika jambo la tatu. Wapi! Papa alishika la kwanza.

"Serikali inakuja kunifundisha miye kuota moto?" alisema kwa sauti ya kambini. "Miye nililala na moto kwa pori la Walikale, mvua juu, makaa hapa kwa mbavu, na sikuungua ata unywele moja!"

Watu walicheka hadi nikashindwa kuendelea.

"Papa, acha nimalize."

"Maliza, mwalimu. Maliza. Utuambie na namna ya kula ugali."

Jumanne jioni baridi ilishuka, ile baridi yetu ya Masisi inayoingia hadi ndani ya meno. Papa akaivuta mbabula hadi ubavuni mwa kitanda. Mama akamwambia, mzee, si mtoto wako alisoma Jumapili? Akajibiwa anyamaze, mwenye nyumba ni askari. Kisha askari akaketi kitandani, akajinyoosha avue buti lililolowa, na mguu ulipochomoka ukaipiga mbabula. Makaa yakamwagika juu ya mguu wa kuume. Ule mzima.

Ninaishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Nilipofika nilimgombeza kwanza, ndipo nikamwagia maji. Sijivunii hilo. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake, huku nikimimina jagi baada ya jagi, na Mama anashika taa. Papa hakulia. Aliutazama mguu wake ukibadilika rangi, akauliza jambo moja tu.

"Leo ni siku gani?"

"Jumanne."

Akahesabu kwa vidole: Jumatano, Alhamisi. Akafumba macho. Hapo ndipo hasira yangu ilipokatika, maana nilijua anachokiona: goti la kushoto bovu, mguu wa kulia umeungua, na kati yake na Mweso saa tatu za mteremko. Pikipiki hazipandi, njia imekatika. Salongo ya kuitengeneza ni Jumamosi. Tume inaondoka Alhamisi jioni. Ile karatasi niliyoisoma kwa sauti ya madaha ilikuwa kama imeandikiwa nyumba yetu peke yake, jambo kwa jambo.

Ikabaki kipoyi.

Kwa asiyeijua, kipoyi ni mianzi miwili mirefu yenye blanketi lililofungwa katikati, na wanaume wanne wanaiweka mabegani. Kilima chetu kina chama cha kipoyi, na kila nyumba imo. Mgonjwa anabebwa hadi hospitali, mama mwenye uchungu anabebwa, na anayekataa kutoa bega leo ajue kesho atatambaa. Ikipita kwenye mashamba ya watu wengine, wao nao wanatua jembe na kupokea. Hawaulizi ni nani. Nimezunguka kidogo hapa Kivu, lakini kitu kinachonifanya nijisikie mtu mbele ya watu ni hicho.

Papa alikataa. "Kipoyi ni ya wagonjwa. Miye niko askari."

"Basi tembea," nilimwambia.

Akaweka mguu chini. Akakaa tena haraka sana.

"Sawa," akasema, akitazama ukuta. "Lakini munifunike. Na uso pia. Sipendi watu wanione."

Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo hakuna aliyeliona ombi hilo kuwa la ajabu. Mwenye duka wa njiapanda, mtu wa upande wa Butembo aliyekuja kwetu na chumvi na vitenge akabaki, alitoa bashi ya turubai, mpya kabisa, bado ina mikunjo ya dukani. "Papa asilowe," alisema, kisha akafunga duka, akaingiza bega lake pia. Tulimfunika Papa kuanzia utosini hadi vidoleni, tukaanza kushuka.

Mimi nilitembea pembeni na mwavuli. Na lazima niseme, nilikuwa nimevimba kichwa. Maana kila tulipopita, watu walisimama. Wanaume walivua kofia kwenye mvua ile. Wamama waliinama mashambani, wakafanya ishara ya msalaba. Kwenye kona moja mzee alisimama wima kama mlingoti hadi tulipotokomea.

"Papa," nilimnong'oneza juu ya bashi, "watu wanakuheshimu! Wanavua kofia!"

"Ah," sauti ikatoka chini, imeridhika. "Kumbe wanakumbuka."

Mwalimu mzima mimi! Kwetu mgonjwa habebwi akiwa amefunikwa uso. Uso unaachwa wazi ili asalimie na asalimiwe. Anayefunikwa uso ni maiti. Mtoto wa darasa la pili anajua. Mimi nilijua, wabebaji walijua, na kwa ajili ya mvua na kiburi cha baba yangu hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka.

Mahali njia ilipokatika palikuwa pabaya. Udongo wote ulikuwa umeteremka na migomba yake, na upande wa pili vijana wa pikipiki walikuwa wamekwama. Mmoja alitutazama, akanitambua mimi mwalimu, akageuza chombo chake, akarudi Mweso mbio. Sikumfikiria. Nilikuwa nawatazama watu wa mashamba yale, waliokuja wakikimbia na majembe, watu nisiowajua hata kwa sura. Walichimba ngazi kwenye tope, ngazi moja baada ya nyingine, mbele ya miguu ya wabebaji. Salongo haikungoja Jumamosi. Walipomaliza kuchimba, wanane kati yao waliingia kwa zamu chini ya mianzi, upande wa nyuma, na kuwapumzisha watu wetu, na hakuna aliyesema neno. Nilidhani ni ugumu wa kazi. Papa peke yake njo alikuwa anasema, anatukana kila alipotikiswa, lakini mvua juu ya bashi ilikuwa inameza sauti yake, na watu walio nyuma hawakusikia kitu.

Tukaingia Mweso kabla ya saa nane. Uwanjani mwa ofisi askari wa zamani walikuwa wameketi kwenye mabenchi, kama thelathini, wengine na magongo, mmoja bila mikono. Walipoona kipoyi, wote walisimama. Asiye na mikono alisimama kwanza. Nikasema moyoni, Ee Mungu, heshima gani hii.

Karani wa tume alitoka na rejista kifuani. Msichana bado, sketi imepigwa pasi vizuri, viatu vimeharibika na tope.

"Pole sana, Mama," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kijana wa pikipiki alituletea habari. Tumeisha kumuandika kwa wafu. Mjane wake atakuja na hati zake, tutamupokea."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, na mwavuli ukaanguka.

"Nani njo amekufa?"

Bashi ilikuwa imekaa. Ilikaa wima katikati ya kipoyi, ikajivua yenyewe, na Papa akatokea, nywele zimesimama, macho mekundu kwa hasira. Wabebaji wa nyuma, wale wa mashamba, waliachia mianzi na kukimbia pamoja na wenzao. Yesu na Maria! Kama mwenye duka asingekamata mwanzi kwa kifua, Papa angekufa kweli mbele ya tume.

Uwanja mzima ulicheka, mabenchi, magongo na yote. Nilicheka hadi nikalia. Karani hakucheka. Alikuwa ameifungua rejista, anautazama mstari aliouchora kwa wino juu ya jina la baba yangu.

"Papa," alisema polepole, "kwa karatasi umekwisha kufa. Kukufufua natakiwa hati ya chefu wa kilima chenu. Na sisi tunaondoka leo."

Kicheko kikaisha. Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, na hati hakuna. Papa alijilaza tena kwenye blanketi. Sijawahi kumwona mtu akizeeka upesi hivyo. Nilitaka kumpigia karani kelele, lakini alikuwa amesema kweli, na alisema kwa uchungu.

Mwenye duka akauliza, "Hati hiyo inasema nini?"

"Inasema mtu anajulikana, na iko muzima. Na mashahidi wawili wanatia kidole."

"Basi andika hapa. Mashahidi tuko nao."

Akatia kidole chake kwenye wino. Wanne wetu wakamfuata. Kisha wale waliokimbia wakarudi mmoja mmoja, tope hadi magotini, wakajipanga.

"Weye unamujua huyu Papa?" karani alimuuliza wa kwanza wao.

"Simujue. Nilimubeba."

"Unashuhudia nini sasa?"

Akamtazama Papa vizuri, kama anayepima ng'ombe. "Iko muzima. Mufu hawezi kuwa muzito vile."

Na akatia kidole. Na aliyemfuata. Watu wanane ambao hawakulijua jina la baba yangu, waliompokea wakidhani wanapeleka maiti ya mtu mwingine kwa heshima, walitia vidole kwamba anaishi. Karani aliwaandika wote, ingawa wawili wangetosha. Aliandika bila kuinua kichwa. Mkubwa wa tume alikuja, akasoma, akamtazama Papa, akapiga muhuri. Nilimpenda yule msichana saa ile kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Halafu akaliandika jina upya, chini kabisa ya ukurasa, akaliita kwa sauti. Papa aliitikia kama kijana kambini. Ilibaki safu ya mwisho ya rejista, ile ndogo, ambapo kwa wengine palikuwa pameandikwa mkono, jicho, risasi mgongoni.

"Hapa niandike goti, Papa? Ao niandike kuungua?"

Papa aliwatazama wale wanaume waliokuwa wakijifuta wino kwenye suruali zao. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyaficha.

"Andika walinibeba," alisema.

Safu ilikuwa nyembamba. Karani akaandika kwa herufi ndogo sana, na neno likaingia.