Tumbaku Nyumbani kwa Mama Mkwe

Mjerumani mmoja alipita Lamu miaka ile ya hamsini, mtu mrefu mwenye Kiswahili alichojifunzia Tanga, akakaa barazani kwetu akanywa kahawa na mume wangu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiliza. Alisema kwao mashambani kuna ngome za kale zilizobomoka juu ya vilima, na watu siku ya mapumziko huchukua chakula chao wakapanda kwenda kuziangalia, wakarudi jioni wamefurahi. Mume wangu akacheka kwa adabu. Mimi nikasema moyoni, huyu hajatembea magofu na mama mkwe wangu.

Mama mkwe alikuwa mzaliwa wa Pate. Kila Shaaban, kabla mwezi wa Ramadhani haujaingia, lazima avuke kwenda kuzuru makaburi na magofu ya watu wake, na kila Shaaban mchukuzi alikuwa mimi. Mwanawe ana duka, hawezi kulifunga. Binti zake wana watoto. Mimi nilikuwa sijajaaliwa mtoto, basi ikaonekana sina kazi. Nilibeba kikapu cha mikate ya mofa, chupa ya marashi, udi na chetezo chake, na mkeka wa kukalia. Yeye alibeba tasbihi.

Ukishuka chomboni Mtangawanda, bandari ya Pate, unadhani umefika, kumbe ndipo unapoanza. Ni kutembea kwenye mchanga na jua la utosi, na punda wa kukodi wapo, wamesimama wanakutazama. Lakini mama mkwe hapandi punda. "Mimi nipande miguu nje, watu wa Pate waniseme?" Basi tunakwenda, buibui limeniganda mgongoni, kikapu kinahama bega hili kwenda lile. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, lakini mikate ya mofa haivuji, na yeye haruhusu iliwe kabla ya ziyara.

Nimeingia misikiti isiyo na dari. Nimefukuza mbuzi juu ya makaburi ya masharifu. Nimechanika mikono kwa miiba ndani ya kuta ambazo yeye alizijua kwa wenyewe: hapa palikuwa kwa mjomba fulani, hapa palichezwa harusi hata majirani wakakosa usingizi. Mimi niliona mawe. Nilikuwa nikirudi Lamu nimekufa kwa uchovu, na mume wangu ananiuliza, "Mama yuaonaje?" Mimi hakuna aliyeniuliza.

Ila kulikuwa na mahali pamoja ambapo hatukupata kwenda, nyumba yake mwenyewe. Kisiwa kizima tulikizunguka, yeye akipaacha hapo tu. Siku moja nilimwuliza mume wangu, akaniambia kwa sauti ya chini. Mama yake alipokuwa bibi harusi, kabla hawajahamia Lamu, alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Na desturi ya nyumba zile za mawe ni kwamba mtoto kama huyo hachukuliwi makaburini. Huzikwa papo hapo, chini ya sakafu ya ndani, chumba cha mwisho kabisa ambacho mgeni hakifiki. Baadaye boriti zikaoza, dari ikaanguka, watu wakahama. Mtoto akabaki.

Mwaka ninaousema, macho ya mama mkwe yalikuwa yamefunga utando. Alikuwa akiona mwanga na kivuli, basi. Nilifurahi kidogo, nakiri, nikadhani safari zimekwisha. Shaaban ilipoingia akaniita. "Funga kikapu. Mwaka huu ni kwangu."

"Mama, na macho haya?"

"Ndiyo. Sasa siwezi kupaona palivyoharibika, ndipo naweza kwenda. Nataka nimsomee mwanangu Yasini mara moja, juu yake alipolala. Sijamsomea hata siku moja. Nisipokwenda sasa, siendi tena."

Ningesema nini? Safari hiyo nilibeba kikapu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nikamshika yeye. Njia nzima alikuwa akiniuliza tumefika wapi, na mimi nikimjibu bado, mama, bado. Mara mbili alijikwaa akaniangukia. Sikuwa na nguvu hata ya kununa.

Mji wa kale wa Pate watu wameulima. Kati ya kuta zilizosimama na zilizolala wamepanda tumbaku, kwa sababu udongo wa majumba yaliyokufa una rutuba. Unaingia mlango wa nyumba ya watu, unakuta majani mapana ya kijani yamefika kiunoni. Aliyelima nyumba ya mama mkwe alikuwa jamaa yao wa mbali, mtu wa makamo, mwembamba, mpole. Aliposikia tumekuja aliacha jembe akaja mbio, akambusu mama mkwe mkono.

"Bi, nilikuwa nikikungoja," alisema. "Mahali pako nimepatunza."

Mama mkwe akasimama. "Mahali gani?"

"Mamangu kabla ya kufa aliniusia. Alinambia nyumba ile ina mtoto, usipige jembe juu yake. Toka siku ile sijapagusa."

Mama mkwe akanishika mkono kwa nguvu hata pete yake ikaniumiza. Tukamfuata yule bwana kwenye njia nyembamba kati ya tumbaku, hadi mwisho wa nyumba, penye ukuta mmoja uliobaki. Ulikuwa umefika kifuani, na juu yake kuna kidaka, shubaka dogo lililonakshiwa vizuri sana. Chini ya ukuta alikuwa ameacha kiwanja kidogo, kimefagiliwa, kimezungushiwa mawe na miiba ili mbuzi wasiingie. Hakuna jani moja lililoota. Alitueleza kwamba kuta nyingine zilipoanguka alisumbuka kujua ni wapi hasa, kisha akaona hapa ndipo penye nakshi nzuri kushinda pote, akajua ndipo. Mkewe alitaka kupanda pilipili, wakagombana hata akarudi kwao siku kadhaa. Yeye hakukubali.

Nilitandika mkeka. Mama mkwe akakaa. Alipeleka mkono ukutani, akaupapasa ule udongo laini wa chokaa, akaingiza vidole kwenye kidaka, kisha mkono ukateremka taratibu mpaka chini karibu na ardhi. Pale palikuwa na kitundu cha duara. Kidole kikaingia. Mkono ukasimama.

Nilikaa nikingoja aanze. Mama mkwe alikuwa mtu wa kusoma wakati wote. Alisoma akipepeta mchele, alisoma akisukwa nywele, alisoma chomboni watu wanatapika. Sasa amekaa mahali alipopangia roho yake kufika, na midomo haiendi. Hata bismillahi sikuisikia. Nilifungua chupa ya marashi, akanishika kifundo cha mkono. "Ngoja." Nikatafuta kiberiti cha kuwashia udi. "Ngoja, nimekwambia."

Nilikasirika. Nimekutoa Lamu, nimekuburuta kwenye mchanga, nimevumilia njaa na mikate iko begani kwangu, na umefika, unangoja nini? Sikusema, lakini nadhani pumzi yangu ilisema.

Yule bwana alikuwa amepiga magoti nje ya mawe, kichwa chini. Mama mkwe akamwuliza kwa upole, "Na wewe umepachunga peke yako miaka yote hii?"

"Peke yangu, Bi. Nilikuwa na hofu nife kabla hujaja."

"Mungu akulipe, mwanangu," akasema. "Mungu akulipe kheri." Kisha akanigeukia. "Niinue."

Nikamwinua. Alipofika kwenye mawe alisita, akabadilisha miguu, akatanguliza wa kulia kutoka. Na nikamsikia ananong'ona, "Ghufranaka." Ni neno tunalofundishwa tangu wadogo, la kusema ukitoka msalani.

Nilitazama nyuma, kile kidaka cha kuwekea taa, kile kitundu cha kupitisha maji machafu. Majumba ya mabwana wale hata choo kilikuwa na nakshi. Na msalani hapasomwi Kurani, hata pawe pamekufa miaka mingapi.

Yule bwana hakusikia kitu. Alikuwa akikunja mkeka wetu.

"Nionyeshe tumbaku yako," mama mkwe akamwambia.

Alishangaa, lakini akatuongoza. Kumbe hakutuongoza yeye. Mama mkwe alikuwa ameuacha mkono wangu, anapapasa kisiki cha ukuta kwa kiganja, anahesabu kwa miguu. Sasa alijua yuko wapi. Ukijua choo kilipo, chumba cha ndani hakikupotei, kwa sababu vimepakana. Akapita palipokuwa mlango, akainua mguu kuvuka kizingiti ambacho hakikuwapo tena, akageuka kushoto, akaingia katikati ya tumbaku majani yakimgusa kifua. Akasimama.

"Hii imestawi," alisema. Alikuwa akilipapasa jani.

"Hapa ndipo inapostawi kuliko kote, Bi. Sijui kwa nini. Tangu kwa marehemu baba ni hivyo."

Nilitaka kumshika mama mkwe, nikaogopa. Kisha akasema, "Nikuombee dua shamba lako?"

Uso wa yule bwana ulinawiri. Alikimbia kunawa mikono, akavaa kofia yake, akarudi akasimama mbele yake mikono imeinuliwa. Na mama mkwe akasoma. Alisoma Fatiha, akasoma Yasini yote kwa moyo, amesimama, na jua limemkalia kichwani, na kila aliposita kuvuta pumzi yule bwana aliitikia amin. Sikuwahi kuisikia Yasini ikisomwa polepole namna ile. Mwisho alinyoosha mkono, nikampa marashi. Akainama akayamimina yote kwenye mizizi.

"Bi, marashi kwa tumbaku!" yule bwana akasema, machozi yanamlenga. Akataka kumkatia majani ya pale pale awe na ya kutafuna mwaka mzima. Mama mkwe akasema ahsante, ameacha kutafuna. Mdomo wake ulikuwa mwekundu wa tambuu.

Tuliupita mji. Chini ya kivuli cha ukuta wa mwisho akaomba tukae, akaniambia nitoe mikate. Nikamega, nikampa, na mimi nikala. Nilikuwa nimechoka hata taya.

"Mama, kwa nini usimwambie?"

"Nimwambie nini? Mtu amegombana na mkewe, amelinda choo ujana wake wote kwa ajili ya mwanangu. Na huku kwingine amepiga jembe tangu kwa babake. Nikimwambia, atalala?" Alitafuna polepole. "Mimi nimezoea kutolala. Yeye wa nini?"

Kisha akaniuliza, "Umepaona pale niliposimama?"

"Nimepaona."

"Utapajua tena?"

Nilitazama njia tuliyokuwa bado hatujaitembea, mchanga mtupu mpaka Mtangawanda. "Nitapajua, mama."

"Alikuwa wa kike. Hakupata jina, hawakunipa hata nimshike." Alijifuta mdomo kwa ncha ya buibui. "Mimi sirudi tena. Mwakani utakuja wewe, umwambie yule unamuombea tumbaku. Na ukifika pale, umwambie mwanangu ni mimi niliyekutuma."

Nikasema nitamwambia.