Kivietnamu Jikoni kwa Mama

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa muuguzi mjini Kakamega, msichana mwenye kiburi cha sare nyeupe. Kanisa letu lilitafuta wauguzi wawili wa kusaidia hospitali ya misheni kule Vietnam kwa miaka miwili. Nilijiandikisha kwanza, nikamwambia mama baadaye. Ulikuwa utovu wa adabu, nakiri, ila nilijua nikiomba nitanyimwa.

Mama hakunifokea. Alisema tu, "Kwa redio wanasemanga huko ni vita," akaendelea kupukuchua mahindi. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo ruhusa ilikuwa ya mama peke yake. Bila baraka yake nisingepanda ndege, hata kama ningebebwa. Nililijua hilo, na yeye alijua kwamba ninalijua.

Sista mmoja mzee wa misheni, Mfaransa aliyewahi kuishi Vietnam, alikubali kunifundisha maneno ya kuanzia. Aliniandikia daftari zima. Jioni nikirudi nyumbani Lurambi, nilikaa jikoni na mama nikiyasoma kwa sauti huku nikimsaidia kupukuchua. Chào bà, hujambo nyanya. Cảm ơn, asante. Đau ở đâu, unaumwa wapi. Lugha ile hupanda na kushuka ndani ya neno moja, na sauti yangu ilikuwa kavu kama ukuni. Wiki nzima mama alininunia. Siku moja tu aliuliza ninamwimbia nani.

Kisha nikafika kwenye maneno ya nyumbani kwa watu. "Bà ăn cơm chưa?" nikasoma. "Nyanya, umeshakula wali?"

Mama akaweka gunzi chini. "Unaulizanga mgeni kama amekula?"

"Ndivyo alivyoandika Sista."

"Huyo unamfukuza! Mtu akiingia kwako unamwekea obusuma na mboga, anakula. Ukimuuliza ataona haya, atasema ameshiba, aende na njaa yake. Wewe ulilelewa na nani?"

Nilikasirika, maana nilikuwa nimechoka na zamu, na maneno yale hayakuwa yangu. Lakini nikajikaza nikamweleza alivyonieleza Sista: kwamba kule ni salamu. Ni watu walioijua njaa, na wakikutana huulizana hivyo kwa upendo, kama sisi tunavyoulizana habari za nyumbani.

Mama aliokota tena gunzi lake akapukuchua, nikadhani amenuna upya. "Hata mtu hawamjui, wanamuulizanga?"

"Hata wasiyemjua, Mama."

"Basi kuna wamama huko," akasema.

Sikuthubutu kuongeza neno. Kwa mama, neno moja la ziada lingeweza kuharibu kila kitu, na mimi kwa kupayuka nilikuwa hodari. Nilifurahi kimyakimya, nikapukuchua kwa kasi mpaka vidole vikauma.

Kesho yake aliniambia nimsomee daftari lote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikasoma: chumvi, maji ya kunywa, stesheni ya gari la moshi, homa, mguu uliovunjika. Nilipofunga akauliza, "Na pa kusema uko na mama, ni wapi?"

Nikapekua. Hapakuwapo.

"Rudi kwa Sista akuandikie."

"Nitaenda Jumamosi."

"Leo."

Nikatoka nikibwata njia nzima, viatu vya kazi vikinibana. Sista alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta polepole. Kisha akaandika chini ya ukurasa wa mwisho: Mẹ tôi đang đợi tôi ở nhà. Mama yangu ananingoja nyumbani. Akanitaka niyaseme mara nyingi kuliko neno lolote lingine.

Mama naye alinitaka niyarudie maneno hayo mpaka akaridhika, ingawa sijui aliridhishwa na nini. Akajaribu mwenyewe, ulimi ukamkwama, akajaribu tena, akacheka. Tangu nimwambie habari ya safari sikuwa nimemsikia akicheka, na nilitamani asiache.

Aliacha. Akanishika mkono.

"Wakikukuta njiani na bunduki," akasema, "usianze na jina lako. Anza na hiyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yangu. Nililia pale pale kama mtoto, naye hakuninyamazisha.