Shoto na Yule wa Alhamisi

Jina alilopewa alipozaliwa lilibaki kwenye pasipoti tu. Waliomjua walimwita Shoto, kwa kuwa alishika kila kitu kwa mkono wa kushoto: kijiko, kalamu, na baadaye raketi. Baba yake alikuwa mtunza uwanja katika klabu ya wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Asubuhi alimwagilia udongo, akaushindilia kwa rola, akachora mistari kwa chokaa. Binti alimfuata nyuma, na uwanja ukiwa mtupu aliupiga mpira kwenye ukuta wa ghala mpaka mlinzi akaenda kulalamika kwamba hasikii redio yake.

Akafika mbali kuliko yeyote aliyewahi kukanyaga udongo ule. Alipotimiza miaka ishirini na miwili alikuwa mchezaji wa sitini na moja duniani, anaishi kwa mabegi, anajua viwanja vya ndege kuliko mitaa ya kwao. Baba alikuwa ameshafariki. Nyumbani alibaki mama peke yake, fundi cherehani, aliyeshonea chumba cha mbele, mlango wazi kwa barabara, wateja wakiingia na kutoka.

Kisha kifundo cha mkono wa kushoto kikaanza kuuma. Kilipasuliwa mara mbili. Shoto alikaa miezi kumi na minne bila kucheza, na aliporudi alikuwa mtu wa mia tatu na themanini na kitu. Sasa alicheza mashindano madogo, kwenye viwanja ambavyo watazamaji hawazidi ishirini, na nusu yao wanasubiri mechi inayofuata. Alisafiri na watu wawili. Mmoja alikuwa Kocha, mwanamke aliyecheza zamani, mchache wa maneno. Mwingine alikuwa mchua misuli aliyemhudumia kwa miaka sita, mtu wa makamo waliyemwita Mjomba, ingawa hawakuwa na undugu wowote; alimgombeza kama mjomba, basi jina likamkaa. Kila jioni Shoto alimpigia mama yake, na mama alikiulizia kile kifundo kama mtoto mchanga.

"Mtoto kalala leo, au kakusumbua?"

Shoto alimweleza yote. Kilipovimba, dawa ipi inamtibua tumbo, lini alilia bafuni. Alikuwa hana mwingine wa kumwambia.

Matusi ya simuni alikuwa ameyazoea. Kila mchezaji akishindwa hutukanwa na watu asiowajua, waliobeti wakaliwa pesa zao. Aliyafuta bila kuyasoma. Lakini ujumbe ulioingia asubuhi moja, kabla ya mechi, haukuwa na tusi hata moja.

"Habari dada. Nasikia kifundo kimevimba tena upande wa kidole gumba. Pole sana. Cheza taratibu."

Shoto aliutazama mkono wake. Bandeji ilikuwa ndani ya mkono wa sweta. Uvimbe ulikuwa wa siku mbili tu. Siku hiyo alishindwa seti mbili kwa sifuri, na kila alipokwenda kufuta jasho alijikuta akizihesabu sura za jukwaani.

Wiki mbili baadaye ukaja mwingine: amefanya vizuri kuziacha zile dawa, tumbo litatulia. Halafu wa tatu, siku moja kabla ya nusu fainali: "Kesho ikifika seti ya tatu usijitese, dada. Tunajua mkono hautafika." Kilichomtia baridi hasa ni lile neno *tunajua*. Alikuwa akimdhania mtu mmoja.

Mama hakumwambia, asije akaogopa; alimwonyesha Kocha. Kocha alisoma mara mbili, akarudisha simu, akasema wapo watu wanaotafuta habari za mwili wa mchezaji kama madalali wanavyotafuta habari za kiwanja. Ukijua nani anaumwa kabla ya wengine, unajua pa kubeti. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini:

"Mtu anaongea. Na sisi tuko watatu tu."

Kocha hawezi, Shoto aliwaza. Akabaki Mjomba. Alimwita kwenye korido ya hoteli, karibu na mashine ya barafu, akamuuliza huku akitazama zulia. Mjomba alikuwa na taulo mbili begani. Aliziteremsha, akazikunja vizuri, akampa.

"Sijamwambia mtu," alisema. "Lakini ukishaniuliza hivyo, mimi siwezi tena kukushika mkono."

Mchana huohuo aliondoka. Hakukuwa na kelele. Kocha akamtafuta kijana mwingine wa kuchua, na kwa siku nane simu ikanyamaza. Siku ya tisa ikalia. "Umemfukuza mzee wa watu bure, dada. Yeye alikuwa anaifunga bandeji vizuri."

Shoto alikaa kitini na kiatu kimoja mguuni. Habari ya Mjomba kuondoka, na ya bandeji kufungwa ovyo, alikuwa ameisema mahali pamoja tu.

Hakumpigia mama. Alijitoa kwenye mashindano, akapanda ndege, akafika nyumbani Alhamisi bila taarifa. Mama alimkumbatia, pini zikiwa bado mdomoni, akamsogezea kigoda, akaanza kumlaumu kwa kukonda. Saa kumi na dakika chache simu ya mama ikalia juu ya cherehani, na uso wake ukachangamka.

"Huyu hakosi," alisema. "Kila Alhamisi."

Shoto alimuuliza ni nani. Mama akamjibu bila wasiwasi kwamba ni yule kijana shabiki wake, mwenye adabu kuliko vijana wote wa siku hizi, ambaye hamalizi wiki bila kumjulia hali. Alikuwa anapiga tangu mwaka jana. Anauliza mtoto wa kifundo anaendeleaje, anamwombea. Mama alitaja hayo kwa fahari, kwa sababu tangu mumewe afariki hakukuwa na aliyekaa kumsikiliza akimsifia bintiye.

Shoto alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Wewe ni nani?"

Ikajibu sauti ya kawaida kabisa, wala si nzito wala si nyembamba: "Karibu nyumbani, dada. Usimgombeze mama. Anakupenda sana."

Akakata.

Mama alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilianza kumtoka alipomwona mwanawe anafunga mlango wa barabarani kwa komeo, mchana kweupe. Shoto alimweleza, polepole, maana hakutaka kumuumiza. Mama alisikiliza akiviringisha uzi kwenye kidole. Mwishowe akasema maneno ambayo Shoto hakuyatarajia.

"Alikuja hapa, mwanangu. Mwezi uliopita. Kupunguza suruali."

"Alikaa wapi?"

"Hapo ulipokaa."

Alikuwa mtu wa kawaida tu, mama alisema. Hakuwa mrefu. Alisifu picha za ukutani, akauliza ipi ilipigwa kabla ya upasuaji. Mama hakukumbuka kitu kingine, na kadiri alivyojitahidi ndivyo ile sura ilivyozidi kumponyoka.

Walikwenda polisi, na Kocha akapeleka jumbe zote kwa wasimamizi wa mchezo. Namba ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu wasiyemjua, aliyekwisha kufariki. Faili likafunguliwa, likakaa. Mama alihamia kwa dada yake na cherehani yake, akawa anashonea chumba cha ndani.

Shoto alimpigia Mjomba kuomba radhi. Alipokea, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema amesamehe; ila alikuwa ameshapata mchezaji mwingine, na hakurudi. Hilo lilimkaa Shoto moyoni muda mrefu kuliko zile jumbe.

Alirudi uwanjani. Mwaka uliofuata alicheza kwa hasira ya kimyakimya, akapanda mpaka nafasi ya tisini na saba, akashinda taji moja dogo ambalo wanaojua tenisi wanalikumbuka bado. Lakini alikuwa hamwambii mtu anapoumia, hata Kocha, na kifundo kilichofichwa hakikupona. Kikamkatiza mchezo akiwa na miaka thelathini. Jumbe zilikoma siku alipotangaza kustaafu. Aliyekuwa akizituma hajakamatwa mpaka leo.

Siku hizi anafundisha wasichana kumi na wawili kwenye uwanja wa kukodi. Kwa simu, mama yake husema "niko salama" na kukata, hata kama hajaulizwa. Kwa hiyo Jumamosi huja mwenyewe, hukaa kwenye benchi karibu na binti yake, na hapo ndipo huzungumza, tena sana, mpaka Kocha, akiwa amewatembelea, hucheka. Katikati ya maneno mama huutazama uzio, ambako daima kuna mtu mmoja au wawili wamesimama kuangalia mazoezi, akamgusa Shoto kiwiko.

"Yule pale ni baba wa nani?"

Shoto humjibu, ikiwa anamjua.